Ngoma Isiyo na Miguu: Uhakiki wa Kiswahili na Siasa ya Mwili Unaocheza

Tarehe 16 Novemba 1977 serikali ya Kenya ilifuta kibali cha kuigizwa kwa mchezo wa Ngaahika Ndeenda katika uwanja wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Mchezo huo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ulikuwa umechezwa kwa majuma sita tu, tangu tarehe 2 Oktoba. Siku ya mwisho ya mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1980 matini ya mchezo uo huo ilichapishwa jijini Nairobi, ikauzwa madukani, ikanunuliwa na kusomwa. Baadaye ikafasiriwa kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili pia, ambako inajulikana kama Nitaolewa Nikipenda. Hakuna askari aliyetumwa kuyafunga maduka ya vitabu. Lakini watu walewale wa Kamĩrĩĩthũ walipotaka kuigiza mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, mwanzoni mwa 1982, waliikuta milango ya Jumba la Kitaifa la Maigizo imefungwa. Na tarehe 12 Machi mwaka huo malori matatu ya polisi wenye silaha yakapelekwa kijijini kulibomoa jukwaa lililojengwa na wanakijiji kwa mikono yao.

Maneno ya Ngaahika Ndeenda yalikuwa yaleyale. Kisa cha Kĩgũũnda, kibarua mwenye ekari moja na nusu anayepokonywa ardhi yake kwa hila ya mkopo na arusi ya kanisani, kilikuwa kilekile kitabuni na uwanjani. Kitabuni kisa hicho kilisomwa na mtu mmoja mmoja, kwa faragha. Uwanjani kilichezwa na vibarua wa mashamba na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu mbele ya majirani zao, kwa ngoma ambazo majirani hao walizijua miguuni kabla ya kuzisikia masikioni. Serikali iliyokiachilia kitabu na kuupiga marufuku uwanja ilikuwa na nadharia yake ya fasihi, ijapokuwa haikuiandika. Ilijua kwamba neno linalosomwa na neno linalochezwa si neno moja. Kwa bahati mbaya nadharia hiyo ya polisi imewashinda kwa mbali wahakiki wengi wa Kiswahili, ambao hadi leo huichambua ngoma kana kwamba ni shairi lililosahauliwa mvuani.

Makala haya yanadai kwamba siasa ya ngoma za Afrika Mashariki imekaa, kwa sehemu kubwa, katika mwili: katika safu na duara, katika hatua na mgeuko, katika suala la nani anacheza mbele ya nani na katika ardhi ya nani. Uhakiki unaoyachuja maneno na kuutupa mwili haupotezi pambo tu, bali unaipoteza hoja yenyewe. Mwanafunzi anayefundishwa kufanya hivyo anatoka chuoni akiwa hajui kilichowatia hofu watawala wa kikoloni na warithi wao.

Desturi ya kuikata ngoma miguu ina historia. Wamishonari na wanaisimu wa karne ya 19 walipokusanya nyimbo za pwani walikuwa na kalamu na karatasi. Walichoweza kukiandika kwa wepesi ni maneno, nao wakayaandika. Hilo halina lawama kubwa. Lawama ni ya waliokuja baadaye wakiwa na kinasa sauti, kisha kamera, kisha simu yenye kupiga video, na bado wakaendelea kuleta maneno peke yake. Ajabu ni kuwa Mswahili aliyeandika kabla ya idara za fasihi kuwapo hakuwa na upofu huo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maelezo yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, alipozifikia ngoma za Mrima alieleza ala, wachezaji na namna ya kucheza. Hakuona haja ya kuomba radhi kwa kuwa hakuwa na shairi mkononi.

Kilichofuata ni ule mzani wa fani na maudhui, ambao kila aliyepita darasa la fasihi ya Kiswahili anaufahamu. Ngoma inaletwa mbele ya mzani huo ikiwa imeandikwa mistari kumi na mbili, na mwanafunzi anaulizwa dhamira, lugha na tamathali. Anajibu kuwa kuna takriri. Bila shaka iko. Watu 60 wanaozunguka uwanja kwa saa tatu hawawezi kuimba bila kurudia! Lakini takriri hiyo ni kazi ya miguu. Inawapa wachezaji muda wa kuzunguka, inamruhusu mgeni aingie bila kufundishwa, inaifanya pumzi ya watu wengi kuwa moja. Kuiita takriri ya kimtindo na kuishia hapo ni sawa na kuusifu mtumbwi kwa rangi yake.

Haikosi kusemwa kuwa wapo waliopinga. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), walikataa kuipima sanaa ya Mwafrika kwa kigezo cha jukwaa la Kizungu na maandishi yake, na wakazirudisha ngoma katika kiini cha mjadala. Ebrahim Hussein, katika tasnifu aliyoiwasilisha Berlin mwaka 1975, aliitafuta historia ya tamthilia ya Afrika Mashariki palepale. Kazi hizi hutajwa kwa heshima katika sura ya kwanza ya tasnifu nyingi. Kufikia sura ya tatu zimekwisha kusahauliwa. Mgawanyo wa vyuo umechangia. Ngoma imegawanywa kama nyama ya mawindo: maneno yamechukuliwa na idara za lugha, mapigo yamekwenda kwa watu wa muziki, na miguu wameachiwa wanaanthropolojia. Hakuna aliyebaki na mnyama mzima.

Mfano wa beni unaonyesha gharama ya mgawanyo huo. Beni ilizuka pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, ikichukua matarumbeta, sare na gwaride la wanajeshi wa Kizungu na kuyatia ndani ya mashindano ya zamani ya mitaa. Mombasa ilikuwa na Kingi na Scotchi. Tanganyika, baadaye, ikawa na Marini na Arinoti. Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyowasukuma askari na wapagazi kutoka pembe moja ya eneo hili hadi nyingine, viliitawanya ngoma hiyo mpaka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Kila chama kilikuwa na wafalme wake, majenerali wake na madaktari wake. Terence Ranger, mwanahistoria, aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975, na tangu hapo swali linalozungushwa ni moja: je, wacheza beni walikuwa wakimwiga Mzungu kwa kumhusudu au kwa kumdhihaki?

Swali hilo halijibiki kwa maneno ya nyimbo, na ndiyo sababu limekaa muda mrefu hivyo. Maneno ya beni aghalabu ni majigambo, masengenyo na mafumbo ya mtaa. Asiyeijua ngoma anayasoma na kuhitimisha kwamba hakuna siasa humo, au kwamba siasa ni ndogo. Lakini atazame mwendo. Gwaride la kikoloni ni amri iliyotiwa mwilini: mtu anafundishwa kusimama, kugeuka na kukanyaga kwa sauti ya mwingine, hadi mwili wake unatii kabla ya akili kuulizwa. Wacheza beni waliuchukua utii huo, wakaupeleka mtaani bila ofisa, wakachagua wenyewe nani atoe amri. Wakapita njia kuu ya mji kwa safu zilizonyooka, wakavuka mpaka wa mtaa wa wapinzani, wakarudi. Aliyekuwa mpagazi mchana alikuwa jenerali jioni, na watu 200 walisimama aliposema simameni. Dhihaka au husuda? Haijalishi sana. Mwili ulikuwa umejifunza kwamba nidhamu ya kijeshi haimhitaji Mzungu, na hilo ni jambo ambalo dola yoyote ya kikoloni lingeinyima usingizi.

Liliinyima kweli. Mwezi Mei 1935 wachimba migodi wa Ukanda wa Shaba, Rhodesia ya Kaskazini, waligoma baada ya kodi kupandishwa. Huko Luanshya watu sita walipigwa risasi na kufa. Tume iliyoteuliwa kuchunguza ilitaka kujua habari za chama cha ngoma cha Mbeni, ambacho ni beni hiihii iliyosafiri kutoka pwani. Wanatume hawakwenda kutafuta mashairi ya uchochezi. Walitaka kujua ni nani aliyewafundisha wafanyakazi wa makabila mbalimbali kukusanyika kwa haraka, kuwatii viongozi wao wenyewe na kwenda pamoja. Maswali yao yalikuwa mazuri kuliko maswali ya mitihani ya fasihi simulizi.

Upande wa wanawake upotofu wa wahakiki ni mkubwa zaidi, kwa kuwa lelemama imekuwa ikihesabiwa kama starehe ya arusini. Margaret Strobel, ambaye kazi zake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa zinastahili shukrani, aliandika mwaka 1976 makala ambayo anwani yake inasafiri kutoka lelemama hadi ushawishi wa kisiasa, kana kwamba ngoma ni utoto na siasa ni utu uzima. Ushahidi alioukusanya mwenyewe unaipinga anwani hiyo. Vyama vya lelemama kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilikuwa na vyeo, michango, sare na mashindano yaliyougawa mji mzima. Katika mji ambamo mwanamke wa heshima hakutarajiwa kuonekana, safu ya wanawake waliosimama bega kwa bega, wakizungusha mikono na vichwa kwa utaratibu wa pamoja, ilikuwa tamko la kuwapo. Mwendo wenyewe ni mdogo, wa kujizuia. Mgeni anaweza kuuona kuwa si kitu. Udogo huo ndio uliokuwa ngao. Hakuna shehe wala mume aliyeweza kuuita uasherati, na hakuna aliyeweza kukana kuwa wanawake hawa wamejipanga.

Dar es Salaam, mwaka 1955, jambo hili lilizaa matunda ambayo hata mhakiki mgumu hawezi kuyakana. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba, alipotakiwa kuwaingiza wanawake katika TANU hakuanza kwa vijitabu. Aliviendea vikundi vya ngoma vya mji. Vilikuwa tayari na viongozi waliosikilizwa, na wanachama waliozoea kuitika mwito, kuvaa sare moja na kutoka nyumbani kwa sababu ambayo waume walikwisha kuikubali. Susan Geiger aliyakusanya masimulizi ya wanawake hao katika kitabu chake cha 1997, na picha inayojitokeza humo ni ya chama cha siasa kilichopata umma wake kupitia viwanja vya ngoma. Vitabu vya shule vinavyomtaja Bibi Titi kama mhutubu hodari vinasema kweli, ila vinaianza habari katikati. Alikuwa amekwisha kuwa na uwanja kabla hajapewa jukwaa.

Mifano mingine inatosha kutajwa kwa ufupi. Mekatilili wa Menza aliizunguka nchi ya Wagiriama mwaka 1913 akiwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu, ngoma ya matanga, na walioichezea kifudu nchi yao iliyo hai walikuwa wamekwisha kusema walilotaka kusema juu ya utawala uliokuja kudai vijana na kodi. Mũthirĩgũ, iliyoenea katika nchi ya Wakikuyu wakati wa mgogoro na wamishonari mwishoni mwa 1929, ilipigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1930. Tarehe 16 Machi 1922, mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi alimozuiliwa Harry Thuku, Mary Nyanjiru aliinua vazi lake kuwasuta wanaume waliotaka kutawanyika; tarehe 3 Machi 1992, katika bustani ya Uhuru jijini humo, akina mama waliodai wana wao wafungwa wa kisiasa waachiliwe walivua nguo mbele ya polisi waliokuja kuwatawanya. Miaka 70 imekaa kati ya matendo hayo mawili. Si ngoma, lakini ni lugha ileile ya mwili, yenye sarufi ambayo kila aliyekuwapo, pamoja na askari, aliielewa bila mkalimani.

Mtetezi wa maandishi atajibu kwamba mwendo wa mwili hauna maana maalumu, kwamba hatua ileile huchezwa arusini na maandamanoni, na kwamba ni maneno pekee yanayoweza kuthibitisha ujumbe. Hoja hii ina nguvu ya kutosha kushughulikiwa. Ni kweli hatua haina maana moja. Lakini hiyo ndiyo faida yake kwa mtu anayeishi chini ya udhibiti. Maneno yanaweza kunukuliwa mahakamani. Bega lililotikiswa haliwezi kuandikwa katika hati ya mashtaka.

Tena maneno yenyewe wakati mwingine hayasemi chochote. Mwezi Juni 2024, vijana wa Kenya walipoingia mitaani kuupinga Mswada wa Fedha, wimbo uliokuja kuwa kama wimbo wao wa taifa ulikuwa Anguka Nayo wa kundi la Wadagliz. Ni wimbo wa kuchezwa katika starehe. Mhakiki akiuleta mbele ya mzani wa fani na maudhui hatakuta humo kodi wala bunge. Ataandika kuwa dhamira ni anasa, na kwa kigezo chake atakuwa sahihi. Vijana walioucheza barabarani, mbele ya magari ya maji na moshi wa vitoa machozi, katika siku ambazo makumi ya wenzao waliuawa kwa risasi, walikuwa wameugeuza kuwa kitu kingine bila kubadili neno. Jina lake linamtaka mchezaji aanguke. Kuanguka kwa hiari, kwa mapigo, pamoja na wengine, kisha kuinuka, mahali ambapo dola imekuja na nia ya kumwangusha mtu: hapo ndipo ilipo siasa, na haipatikani katika nakala ya maneno. Karne haijafika tangu Luanshya, na kodi bado inawachezesha watu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na wanaoisifu ngoma kwa pupa hawajaikabili. Ngoma imewatumikia watawala kuliko ilivyowapinga. Katika Zaire ya Mobutu wafanyakazi na wanafunzi walilazimishwa kuimba na kucheza sifa za kiongozi, na shughuli hiyo ikapewa jina la uhamasishaji. Katika Kenya ya enzi ya Nyayo, tangu 1978 hadi 2002, hakukuwa na sikukuu ya taifa wala safari ya Rais isiyokuwa na kwaya na vikundi vya akina mama wakicheza. Waliosimamishwa juani saa nyingi wakimsubiri mkubwa ashuke kwenye ndege walicheza kwa hatua zilezile, pengine, walizozichezea arusi za binti zao. Ikiwa mwili una siasa, je, hiyo nayo si siasa?

Ni siasa, tena inayomdai mhakiki awe na macho makali zaidi. Anayedai kwamba kila ngoma ni upinzani anaandika mahubiri. Lakini ni maneno gani yatakayomsaidia kutofautisha? Nyimbo za sifa na nyimbo za kejeli mara nyingi hutumia msamiati mmoja. Anayesoma matini ya wimbo wa kumsifu chifu hawezi kujua kama waimbaji walikuwa wakicheka. Tofauti inaonekana katika mambo ya mwili. La kwanza ni umbo la uwanja. Ngoma nyingi za nchi hii ni za duara, au za safu mbili zinazotazamana: mchezaji anamwona mchezaji, na mtazamaji yuko hatua moja kutoka kuwa mchezaji. Zikipelekwa uwanja wa michezo kwenye sikukuu, duara linafunguliwa na kunyooshwa likawa mstari mmoja unaolitazama jukwaa la wakubwa. Saa tatu zinapunguzwa zikawa dakika nne. Wimbo haukuguswa; mwanafunzi akiuandika atapata maneno yaleyale. Ila ngoma imekwisha kufa, na iliyopo ni saluti. Kuvunjwa kwa duara ni tukio la kisiasa kubwa kuliko kubadilishwa kwa ubeti, na hakuna tasnifu ya fasihi simulizi itakayolisajili iwapo imeandikwa kwa kuyasikiliza maneno tu.

La pili ni uwezo wa kukataa. Mchezaji wa beni aliweza kukihama chama. Mama wa lelemama aliweza kugombana na kuanzisha kikundi chake, na wengi walifanya hivyo. Aliyeletwa kwa lori la serikali hakuweza. Kwa sababu hiyo kusimama kwa anayetarajiwa kucheza ni tendo la kisanaa lenye uzito wote. Mwezi Aprili 2025 wasichana wa shule ya Butere walifika Nakuru katika tamasha la kitaifa la drama na mchezo wao Echoes of War, ulioandikwa na Cleophas Malala, baada ya Mahakama Kuu kuamuru waruhusiwe kuuigiza. Mwandishi alikuwa amekamatwa. Asubuhi ya tarehe 10 waliingia katika ukumbi usio na hadhira, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Nje polisi walitumia vitoa machozi. Matini ya onyesho hilo, kama mtu angeitaka, ni wimbo ambao kila mtoto wa Kenya anaujua na ambao serikali yenyewe huuimba. Hakuna neno hata moja la upinzani ndani yake. Onyesho lilikuwa katika kuingia, kusimama na kuondoka, na hakuna aliyelitazama akakosa kulielewa.

Basi idara za Kiswahili zifanye nini? Kwanza zikome kupokea tasnifu juu ya ngoma ambazo hazina hata aya moja ya kueleza mchezaji alianza kwa mguu gani. Mtahini anayekataa tasnifu ya ushairi kwa sababu mwanafunzi hakuhesabu mizani ana haki. Na amkatae vilevile anayeleta wimbo wa vugo bila kusema wanawake walipita mitaa ipi, saa ngapi, wakiwa wamejipangaje, na nani alifunga dirisha walipopita. Mchoro wa uwanja uwe sehemu ya matini kama beti zilivyo. Kitambulishwe chanzo cha fedha: nani aliikodi ngoma, nani alilipia sare. Haya si mapambo ya kiethnografia ya kujazia kiambatisho. Bila hayo maana ya kisiasa ya ngoma haiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa.

Pili, zisisubiri istilahi kutoka Marekani. Katika miaka ya karibuni kumekuwa na shauku kubwa ya kunukuu nadharia za utendaji zilizobuniwa New York na Chicago, na wanafunzi wanahangaika kuzitafsiri. Zina manufaa yake. Lakini lugha inayofundishwa katika idara hizi ina manju na kungwi, ina mizungu, ina kuingia uwanjani na kutoka uwanjani, kupokea na kuitikia, kukata kiuno, kupiga gwaride, kutunza na kutuzwa. Ina kucheza ngoma na ina kuchezwa, yaani kupitishwa unyagoni. Kauli ya kutendwa hapo inabeba nadharia nzima ya mwili na mamlaka ambayo bado haijaandikiwa kitabu. Anayefanya utafiti kwa Kiswahili na kuona hana maneno ya kuueleza mwendo wa mwili hajawauliza wachezaji.

Tatu ni suala la muda, na hili halina nafasi ya mjadala mrefu. Msichana aliyekuwa na umri wa miaka 20 alipocheza Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977 sasa anakaribia miaka 70. Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki Mei 2025, na vitabu vyake viko maktabani. Hatua za vibarua waliocheza uwanjani mwake hazimo katika maktaba yoyote. Wanawake walioiona lelemama ya Mombasa katika siku zake za nguvu ni wachache, na wengi wao magoti hayawaruhusu tena kuonyesha. Katika mchezo wa Ngaahika Ndeenda Kĩgũũnda na Wangeci, wakiwa wamechoka na umaskini, wanasimama na kucheza mwomboko wa ujana wao. Kitabuni hilo ni agizo fupi la jukwaani na wimbo. Uwanjani ilikuwa miili ya watu wa makamo waliokwisha kuvunjwa na kazi, ikikumbuka mbele ya watoto wao jinsi ilivyokuwa kabla. Kuna vyumba vya kurekodia katika vyuo vya Nairobi ambavyo hutumika kwa mahafali na kufungwa mwaka mzima. Limuru ni mwendo wa chini ya saa moja kwa matatu.